Spiriti, Nyonyo na Homa ya Pistoni

Ukimuuliza kijana yeyote mpenda magari kwa nini watu wa mbio humimina pombe kwenye tangi la mafuta, atakujibu bila kusita kwamba pombe ina nguvu kuliko petroli. Jibu hilo nimelisikia kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, kwa waendesha bodaboda, hata kwa mhandisi mmoja aliyekuja karakanani kwangu kutafuta propela ya mtumba. Si kweli. Kilo moja ya petroli hutoa joto la megajuli 44 hivi. Kilo ya ethanoli, ile pombe ya miwa, hutoa 27. Kilo ya methanoli, spiriti ya sumu ambayo ndiyo watu wa mbio wameipenda zaidi, haizidi 20. Kwa hesabu ya dukani, mnunuzi wa methanoli anapunjwa zaidi ya nusu.

Ila injini haili kwa kilo. Kinachoipimia chakula ni hewa: silinda huvuta pumzi ya ukubwa wake, basi, na mafuta hufuata pumzi hiyo. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Ethanoli huhitaji 9. Methanoli hutosheka na 6.4. Gawanya joto kwa hewa uone: pumzi moja hutoa karibu joto lile lile, uwe umetia petroli, ethanoli au methanoli. Nguvu ya ziada inayosimuliwa vijiweni haimo humo.

Imo katika jambo ambalo kila aliyewahi kudungwa sindano analijua. Muuguzi hukupangusa mkono kwa pamba yenye spiriti, na pale palipopanguswa hupata baridi kabla sindano haijaingia. Spiriti ikigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Ndani ya injini hufanya vivyo hivyo. Kwa pumzi ile ile ya hewa, ethanoli hunyonya joto karibu mara 4 ya petroli, na methanoli karibu mara 7, maana kila tone hunyonya zaidi na matone yenyewe ni mengi zaidi. Kabureta ya methanoli hutokwa na jasho, na siku yenye unyevunyevu hufanya barafu nyeupe kwa nje huku jua linachoma utosi wa fundi. Hewa iliyopoa hivyo hujibana, ikaingia nyingi zaidi silindani. Pia mchanganyiko wenyewe hustahimili kugandamizwa sana bila kulipuka kabla ya wakati wake. Hapo ndipo nguvu inapopatikana.

Kwa hiyo nasema: pombe haikuingia katika mbio za injini ndogo kwa ajili ya nguvu zake. Iliingia kwa ajili ya ubaridi. Na kila aliyeihama baadaye, awe amefukuzwa na kanuni au na bei, ilimbidi autafute ubaridi huo mahali pengine.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Nilizaliwa Mombasa, nikajifunza kazi Kisumu miaka ya 1980, wakati sangara walipojaa ziwani na kila mwenye mtumbwi akawa anataka mashine. Injini tulizokuwa tukizifungua ni zile za mipigo miwili, tustroku kama tulivyoziita, ambazo hazina sampu ya oili: oili unaichanganya na petroli, ikipita inalainisha, kisha inaungua na kutoka moshi. Ukifungua injini za namna hiyo kila siku unajifunza ugonjwa wake mmoja mkubwa kabla ya yote mengine. Ni homa.

Injini ya mipigo minne, kama ya gari, huunguza mafuta mara moja katika mizunguko miwili, na katikati yake pistoni hupata nafasi ya kupoa huku ikivuta hewa mpya. Ya mipigo miwili huunguza kila mzunguko. Pistoni yake haipumziki. Upande mmoja inapigwa na hewa mpya, upande wa pili moto wote unatoka kwa kuipitia ubavuni, kwenye tundu la ekzosi. Ukiitoa pistoni iliyoshindwa utaiona hali hiyo kwa macho: upande wa hewa ni mweupe na laini, alama za mashine zingali zinaonekana, upande wa ekzosi aluminiamu imeyeyuka na kupakwa juu ya ringi, ringi imekwama mferejini mwake, na ukutani mwa silinda kuna michirizi inayoshikika kwa ukucha. Wakati mwingine kuna tundu pale juu, unaweza kupitisha kidole.

Hapo mtu wa boti huuliza: si injini hii inapozwa kwa maji ya ziwa? Silinda ndiyo inayopozwa. Pistoni haifikiwi na maji hata siku moja. Inachopata ni oili kidogo, ukuta wa silinda inaougusa, na mafuta yanayopita chini yake kuelekea juu. Ukitaka kuipoza pistoni, badilisha kinachopita.

Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Milwaukee, alitengeneza injini yake ya boti mwaka 1909, ya nguvu za farasi moja na nusu, na mbio hazikuchelewa kufuata; binadamu akipewa kitu kinachotembea, swali la pili huwa ni nani yuko mbele. Lakini pombe ilikuja kwa njia nyingine. Huko Uingereza mhandisi Harry Ricardo alikuwa amejenga injini ya majaribio ambayo mgandamizo wake ungeweza kubadilishwa huku inazunguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliyajaribu humo mafuta ya kila aina. Petroli ya siku hizo ilikuwa mbovu. Ukiigandamiza kidogo tu inagonga. Pombe iligandamizwa mpaka mwisho wa mashine yake bila kulalamika.

Shida ilikuwa bei. Methanoli ya zamani ilipatikana kwa kuchoma mbao ndani ya chungu kilichofungwa na kukinga mvuke wake, na miti mingi ilitoa spiriti kidogo. Mwaka 1923 kampuni ya BASF ilianza kuitengeneza Leuna, Ujerumani, kutokana na gesi ya makaa ya mawe, chini ya shinikizo kubwa, ikawa bidhaa ya mapipa badala ya chupa. Mwaka huo huo, huko Dayton, Ohio, petroli yenye risasi ilianza kuuzwa kwa mara ya kwanza. Dawa mbili za ugonjwa mmoja zilitoka pamoja. Barabara zikachagua risasi, kwa hasara ambayo watoto wa miji mingi walikuja kuilipa. Uwanja wa mbio ukachagua pombe.

Si kila uwanja. Katika mbio za TT za Kisiwa cha Man, ambako pikipiki za Scott zenye injini ya mipigo miwili zilikuwa zimeshinda mwaka 1912 na 1913, mafuta ya pombe yalipigwa marufuku kuanzia 1926. Tangu hapo historia hii ina kambi mbili, na fundi aliyetaka kutoka kambi moja kwenda nyingine ilimpasa kuvunja injini yake karibu yote na kuijenga upya.

Kabla sijafika huko lazima niseme habari ya nyonyo, maana bila nyonyo hakuna hadithi. Chukua chupa mbili safi za soda. Ya kwanza itie spiriti na kijiko cha oili ya kawaida ya tustroku. Itikise mpaka iwe maziwa, kisha iache juu ya meza. Kabla hujamaliza kikombe cha chai, oili imeshajitenga na kulala peke yake. Sasa fikiria tangi lako limefanya hivyo: injini itakunywa spiriti kavu na pistoni itang'ang'ania silinda ndani ya dakika. Chupa ya pili itie spiriti nyingine na kijiko cha mafuta ya nyonyo. Tikisa, weka, ukalale. Asubuhi utayakuta bado maji safi ya rangi ya dhahabu, hakuna kilichojitenga.

Mafuta ya nyonyo yanakubaliana na pombe kuliko oili ya madini inavyowahi kukubali. Isitoshe, yanang'ang'ania chuma; hata yakiwa filamu nyembamba na moto sana huendelea kulainisha pale ambapo oili nyingine imeshakata tamaa. Ubaya wake ni kwamba yakiungua huacha gundi ya kahawia kwenye mfereji wa ringi na tundu la ekzosi, ngumu kama varnishi, na ukiiacha injini miezi mitatu bila kuisafisha huizungushi kwa mkono. Na kwa petroli hayaelewani vizuri: huchanganyika kwa shida na hujitenga yakikaa, hasa kukiwa na baridi. Kwa hiyo aliyebadili mafuta alibadili na oili, na aliyebadili oili alilazimika kuosha kila bomba, kila pampu na bakuli la kabureta, maana mabaki ya upande mmoja huganda yakikutana na ya upande wa pili.

Mbarika huota nyuma ya nyumba nyingi za zamani za pwani yetu, na Tanganyika ilikuwa ikiuza mbegu za nyonyo nje ya nchi. Nina hakika, bila ushahidi wowote wa karatasi, kwamba kuna boti fulani iliyokimbia kwenye mto wa Marekani huku imelainishwa na shamba la Mmakonde. Bibi yangu alitumia mafuta hayo kututia adabu ya tumbo. Hakujua kwamba kijiko kile kingeweza kwenda maili 80 kwa saa.

Huko Marekani, baada ya vita vya pili, mbio za injini za boti ziligawanyika kwa uwazi. Kulikuwa na madaraja ya injini za dukani, zilizotumia petroli ya kawaida na ambazo hazikuruhusiwa kuguswa sana. Na kulikuwa na madaraja ya pombe, ambako mtu aliruhusiwa kufanya karibu lolote. Injini yenyewe mara nyingi ilikuwa ile ile: Mercury ya Carl Kiekhaefer kutoka Wisconsin. Katika mji wa Quincy, Illinois, kando ya Mto Mississippi, karakana ya O. F. Christner iliyoitwa Quincy Welding ilijulikana kwa kuzichukua Mercury za petroli na kuzigeuza za pombe.

Kazi ya kugeuza ilikuwa hivi, na nitaieleza taratibu kwa kuwa humu ndimo ulimo ufundi. Unaanza na jeti, yale matundu madogo ya shaba ndani ya kabureta yanayopima mafuta. Kwa kuwa methanoli inahitajika zaidi ya mara 2 ya petroli kwa pumzi ile ile, tundu lazima lipitishe mara 2. Eneo la duara haliendi sambamba na upana wake, kwa hiyo hupanui upana mara 2. Unaupanua karibu mara moja na nusu. Wanaosahau hesabu hiyo ya darasa la saba huzamisha injini kwa mafuta. Baada ya jeti, sindano ya boya inayoruhusu mafuta kuingia bakuli nayo lazima ipanuliwe, na pampu, na mabomba, na bomba la tangini; ukisahau kiungo kimoja, injini itaenda vizuri mita mia mbili, bakuli litakauka, na pistoni itayeyuka ukiwa umeshaanza kushangilia. Kisha unachonga kichwa cha silinda ili kuongeza mgandamizo, la sivyo umetia mafuta ghali bila faida. Kisha plagi za baridi zaidi. Kisha unapunguza kiasi cha oili kwenye mchanganyiko, kwa kuwa mafuta yakipita mara 2 na oili hupita mara 2.

Anayehama kutoka methanoli kwenda ethanoli ana safari fupi zaidi, na ndiyo maana wengi huidharau na kuungua. Methanoli hupita kwa wingi wa mara 1.4 ya ethanoli. Ukiwa umepanga jeti za methanoli ukatia ethanoli, injini itabanwa na mafuta: itakohoa, itatoa moshi, itapigapiga mlio mmoja na kuruka mwingine. Hasara yake ni kushindwa mbio. Ukiwa umepanga za ethanoli ukatia methanoli, mlio utakuwa mtamu kupita kiasi, mkali na safi, na huo ndio mlio wa injini inayokufa. Kurudi nyuma ni hatari kuliko kwenda mbele. Tena petroli huacha rangi kwenye plagi, kahawia au nyeupe, na fundi anaisoma. Pombe huacha karibu hakuna. Porselini hubaki nyeupe uwe umepatia au umekosea, na unabaki kutazama kivuli cha kijivu kwenye ncha ya chuma kwa kioo cha kukuzia.

Methanoli ina maovu yake mengine. Hula aluminiamu na magniziamu. Huvuta maji kutoka hewani kupitia kifuniko cha tangi kilicholegea. Ikiwaka mchana moto wake hauonekani. Mtu hujikuta anaungua bila kuona kinachomuunguza. Ikiingia mwilini hushambulia mishipa ya macho. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana: Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu mia moja na kupofusha wengine. Mafundi wa mbio waliishika methanoli hiyo bila glavu kwa miaka mingi.

Turudi kwenye pistoni. Zile za Mercury za zamani zilikuwa na nundu juu, kigongo cha aluminiamu cha kuigeuza hewa mpya isitoke moja kwa moja kwenye ekzosi. Nundu hiyo ilikaa katikati ya moto bila pa kutupia joto. Mpango wa Mjerumani Adolf Schnürle, wa miaka ya 1920, uliiondoa: matundu ya hewa yakaelekezwa nyuma ya silinda ili hewa ijigeuze yenyewe, na pistoni ikawa bapa. Kampuni ya DKW iliutumia kabla ya vita. Christner naye akazijengea Mercury silinda za namna hiyo. Pistoni bapa hupokea joto pungufu kuliko yenye nundu, na hapo mtu akaanza kuweza kufikiri kwamba pombe si lazima.

Aliyefikiri hivyo kuliko wote alikuwa Mjerumani mwingine, Walter Kaaden, katika kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Kaaden alikuwa katika kambi ya petroli kwa amri: kanuni za mbio za dunia za pikipiki hazikumruhusu pombe wala pampu ya kushindilia hewa, ambayo ilipigwa marufuku mwaka 1946. Akaitengeneza ekzosi yenye tumbo, inayorudisha wimbi la mlio kwa wakati wake na kuisukuma ndani hewa iliyotaka kutoroka. Akaongeza tundu la tatu la hewa nyuma ya silinda, linalopitisha mchanganyiko baridi chini ya pistoni, juu ya beringi ndogo iliyokuwa ikiungua kila mara. Hapo ndipo ubaridi ulipotoka. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilifika nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa lita, bila pombe na bila kushindiliwa. Mwaka huo huo, Septemba, dereva wake Ernst Degner alitoroka akiwa Sweden, na 1962 Suzuki ikashinda ubingwa wa dunia wa 50cc kwa Degner huyo. Wajapani walijifunza mengi haraka sana, tuseme hivyo.

Lakini mtu ninayempenda katika hadithi hii ni Kim Newcombe wa New Zealand. Hakuwa na shahada ya uhandisi. Aliajiriwa Berlin na Dieter König, ambaye familia yake ilitengeneza injini za boti za mbio, na ambazo kwenye madaraja ya pombe ya Marekani zilikuwa zimewatoa jasho watu wa Mercury. König ya 500cc ilikuwa na silinda nne zilizolala, mbili zikitazama mbili, na kisahani kimoja kinachozunguka juu kwa mkanda wenye meno kikifungua na kufunga njia ya hewa ya silinda zote nne. Mchezaji wa pikipiki kutoka Australia, John Dodds, alikuwa na wazo la kuiweka injini hiyo kwenye pikipiki. Newcombe ndiye aliyeifanya kazi, kisha akaipanda mwenyewe.

Fikiria alichopoteza kwa kuihamisha. Kwenye boti injini ile ilikuwa na baridi ya aina mbili: methanoli ndani na ziwa zima nje, maji mapya yakiingia kila sekunde na kumwagwa. Kwenye pikipiki kanuni zilitaka petroli ya kawaida, na maji yakawa lita chache tu zinazozunguka kwenye rejeta. Boti haina gia. Mkono mmoja wa mafuta, propela moja, mwendo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Pikipiki inashuka na kupanda gia kila kona, na injini ya mipigo miwili ukiifungia mafuta ukiwa kasi, unaifungia na oili. Mtu anayehama hivyo hana budi kupunguza mgandamizo, kuweka jeti ndogo, kubadili oili, na kukubali kwamba sehemu ya nguvu aliyoizoea imebaki majini.

Hata hivyo mwaka 1973 Newcombe alishinda Grand Prix ya Yugoslavia pale Opatija kwa injini ya boti, dhidi ya viwanda vyenye bajeti. Agosti mwaka huo alianguka Silverstone na akafariki. Hesabu za pointi za mwisho wa msimu zilimweka wa pili duniani katika daraja la 500, nyuma ya Phil Read wa MV Agusta na mbele ya Giacomo Agostini. Injini yenyewe ilihamia kwenye pikipiki za kiti cha pembeni, ambako Rolf Steinhausen alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1975 na 1976. Kiti cha pembeni kina nafasi ya rejeta kubwa.

Robert McCulloch namtaja kwa ufupi, ingawa angestahili kitabu. Injini za misumeno yake ya miti ndizo zilizokimbiza magari madogo ya karti baada ya Art Ingels kujenga la kwanza California mwaka 1956, na madaraja ya karti yaliyo huru yakafuata watu wa boti kwenye methanoli na nyonyo. McCulloch huyo huyo alitaka mahali pa kujaribia injini za boti, akapata ziwa jangwani Arizona, akajenga mji wa Lake Havasu City, na mwaka 1968 akanunua Daraja la London, akalibomoa jiwe jiwe na kulihamishia huko. Pesa za misumeno zina maajabu.

Baadaye swali la pombe gani likawa la wanasiasa kuliko la mafundi. Brazil ilianza mpango wake wa pombe ya miwa mwaka 1975. Ethanoli ilipopungua mwishoni mwa miaka ya 1980 wakachanganya asilimia 60 ya ethanoli, 33 ya methanoli na 7 ya petroli ili magari yasisimame. Uwiano huo haukukisiwa. Umepangwa ili jeti zisiguswe: methanoli inataka mafuta mengi, petroli inataka kidogo, na kwa pamoja zinafika karibu pale ilipokuwa ethanoli peke yake. Fundi wa karti angeipigia saluti hesabu hiyo. Magari ya mbio za Indianapolis, yenye mipigo minne, yalitumia methanoli tangu baada ya ajali ya moto ya 1964, yakahamia ethanoli mwaka 2007. Tangi likapunguzwa kutoka lita 114 hadi 83 hivi, kwa kuwa lita moja ya ethanoli inakwenda mbali zaidi.

Kenya nayo ilikuwa na zamu yake. Kiwanda cha Muhoroni, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka tulipokuwa tukifanya kazi, kilikuwa kikigeuza molasi ya miwa kuwa ethanoli, na kuanzia 1983 petroli yenye asilimia 10 ya pombe hiyo ikauzwa kwa jina la gasoholi. Kwa gari halikuwa jambo kubwa. Kwa mashine ya boti iliyokaa majini usiku kucha na tangi lake la plastiki lenye kifuniko kibovu, ilikuwa habari nyingine. Pombe ilivuta maji. Maji yakizidi, pombe iliiacha petroli na kuzama pamoja na maji chini, na bomba la kunyonya mafuta liko chini. Pia ilikwangua uchafu wa miaka tangini na kuuleta wote kwenye jeti. Wavuvi walileta mashine zilizokwama huku wakiapa kwamba oili walitia.

"Fundi, si wamesema ni petroli tu imeongezewa?"

"Imeongezewa, nahodha, ila kilichoongezwa kinakunywa maji kuliko wewe na mimi."

Mzee aliyenifundisha kazi aliamua mambo mawili. Kwanza, kila tangi lifunguliwe na kumwagwa kila wiki, na chujio la kitambaa liwekwe mdomoni. Pili, kwa kuwa pombe kidogo ile ilifanya mchanganyiko uwe na hewa nyingi zaidi kuliko kiwanda kilivyopanga, tuliweka jeti kubwa kwa hatua moja kwenye kila mashine iliyopita mikononi mwetu. Pistoni zilizoyeyuka zikapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango wa gasoholi uliachwa, petroli ikarudi kuwa petroli, na tukatangaza kwamba wateja walete mashine turudishe jeti ndogo ili wasipoteze mafuta. Wengi hawakuja. Mashine ilikuwa inakunywa mafuta mengi kidogo kuliko awali lakini haiungui, na mvuvi aliyeona hivyo hakuona sababu ya kumlipa fundi.